Sekretarieti ya AfCFTA pale Accra: inaweza nini, haiwezi nini, na mzigo wako ukikwama umfuate nani

Kitengule (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa AfCFTA, yaani mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, ukifunguliwa humu, maneno ni yaleyale: "Accra wamelala", "Twendeni tukawashtaki Accra". Lori limezuiwa mpakani, lawama Accra. Ushuru umetozwa kama zamani, lawama Accra. Mimi ni wakala wa forodha na mkataba wenyewe nimeusoma, sikusimuliwa. Naomba niweke mambo bayana, kisha tubishane.

Chanzo kwa kifupi. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ulisainiwa Kigali tarehe 21 Machi 2018, nchi 44 zikitia saini siku hiyohiyo. Ulianza kuwa na nguvu ya kisheria tarehe 30 Mei 2019, baada ya nchi 22 kuwasilisha hati za kuuridhia. Leo waliosaini ni 54, Eritrea peke yake ndiyo iko nje. Bunge letu la Tanzania liliridhia Septemba 2021. Uamuzi wa kuweka makao Ghana ulifanyika Niamey Julai 2019, jengo likakabidhiwa Agosti 2020, na Katibu Mkuu wa kwanza ni Wamkele Mene wa Afrika Kusini, ambaye huko nyuma aliiwakilisha nchi yake WTO (Shirika la Biashara Duniani) kule Geneva.

Sasa kiini. Ibara ya 9 inataja vyombo vinne: Mkutano wa Wakuu wa Nchi, Baraza la Mawaziri wa biashara, Kamati ya Maofisa Waandamizi wa Biashara, na Sekretarieti. Sekretarieti ni ya nne, ya mwisho. Wakuu wa nchi wanatoa mwelekeo, mawaziri wanaamua, makatibu wakuu wa wizara wanachambua na kupendekeza. Sekretarieti inaitisha vikao, inaandaa makabrasha, inatunza kumbukumbu na kufuatilia nani ametekeleza nini. Ibara ya 13 inaipa hadhi yake yenyewe kisheria na kuitenganisha na Kamisheni ya Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, lakini fedha zake zinatoka kwenye bajeti ya Umoja huohuo na majukumu yake yanapangwa na Baraza la Mawaziri. Mtu anayepangiwa kazi na mawaziri hawezi kuamka asubuhi akamfokea waziri.

Tena Ibara ya 14 inasema mambo ya msingi yanaamuliwa kwa maafikiano. Hakuna cha wengi wape. Nchi moja ikikaza shingo, kikao kinaahirishwa hadi siku nyingine.

Kwa hiyo Accra hawana ofisa forodha hata mmoja mpakani. Hawakusanyi ushuru. Hawawezi kufuta tangazo la waziri wa kilimo wa nchi yoyote. Geti la Namanga linafunguliwa na mamlaka za mapato, TRA yetu na KRA ya Kenya, na kiwango cha ushuru unachotozwa kinatangazwa kwenye gazeti la serikali huku kwetu.

Msimamo wangu: hili halikutokea kwa bahati mbaya. Serikali zetu zilitaka karani hodari, hazikutaka mwenye nyumba mpya. Nadhani kwa hatua hii walipatia, ila gharama yake tunailipa sisi wenye mizigo.

Msemakweli2

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Shusha nondo mkuu.

Mama Dagaa Kirumba

Kaka Kitengule, asante kwa somo. Mimi natoa dagaa Mwanza, wanapita Tunduma kwenda Zambia na Lubumbashi. Huyo karani wa Accra ananihusu nini? Maana kila semina naambiwa "soko la Afrika, soko la Afrika", nikifika mpakani ofisa ananiuliza karatasi ya SADC, ile jumuiya ya kusini mwa Afrika.

Kitengule

Dada yangu, huyo ofisa yuko sahihi, na hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Ibara ya 19 ya mkataba inasema jumuiya za kikanda ambazo zimeshafika mbali zaidi katika kufunguliana biashara zinaendelea na utaratibu wao. Tanzania na Kenya tunauziana chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005. Tanzania na Zambia tuna Itifaki ya Biashara ya SADC, na eneo huru la SADC lilizinduliwa Agosti 2008. Kwa Kongo ndiyo balaa kidogo, wao wako SADC, wako COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), na tangu 2022 wako EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) pia. Sisi COMESA tulitoka mwaka 2000.

Katikati ya hapo upo ule mkataba wa utatu wa COMESA, EAC na SADC, uliosainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015. Ulikaa kabatini miaka tisa ukisubiri nchi 14 ziridhie, ukaanza kutumika Julai 2024.

AfCFTA inakufaa pale ambapo huna njia nyingine: Ghana, Nigeria, Cameroon, Senegal, Algeria, hata Misri kwa sisi tusio COMESA. Kwa dagaa wa Zambia, Accra siyo dirisha lako. Dirisha lako ni wizara ya biashara hapa nyumbani, na makao ya SADC ni Gaborone. Kuna mfumo wa mtandaoni wa kuripoti vikwazo kwa kanda hizo tatu, tradebarriers.org. Ule wa AfCFTA ni tradebarriers.africa. Usivichanganye, ukiweka malalamiko sehemu isiyohusika yatazunguka tu.

Gikomba Moja

Habari zenu watu wa Bongo. Sisi Kenya tuliomba hiyo ofisi ikuje Nairobi, Ghana wakatushinda. Sijasahau.

Lakini niulize swali. Tuliambiwa biashara imeanza tarehe 1 Januari 2021. Kisha tukaona kwa TV betri za gari na majani chai kutoka Kenya zikienda Ghana Septemba 2022, viongozi wakipunga bendera. Hapo katikati karibu miaka miwili nini kilikuwa kinafanyika? Watu walikuwa wanakunywa chai gani Accra?

Kitengule

Swali zuri, jirani. Januari 2021 milango ilifunguliwa kwa karatasi. Ili bidhaa ipite kwa ushuru nafuu, lazima nchi inayouza na inayonunua ziwe zimebadilishana majedwali ya kupunguza ushuru, zimekubaliana kanuni za uasili wa bidhaa hiyo (yaani lini ihesabiwe imezalishwa Afrika), zimeyatangaza hayo kwenye sheria zao, na maofisa forodha wao wawe wanajua cheti cha uasili kinafananaje. Kukosekana kimoja tu kati ya hivyo kulitosha kukwamisha.

Ndipo Sekretarieti ikaja na kitu ambacho mimi naona ndicho kilichoipa jina: mpango wa majaribio, uliozinduliwa Oktoba 2022 na nchi nane, yaani Kenya, Tanzania, Rwanda, Cameroon, Misri, Ghana, Mauritius na Tunisia. Badala ya kusubiri wote 54 wawe tayari, wakachukua waliokuwa tayari, bidhaa chache, kampuni chache, na kuusindikiza mzigo hatua kwa hatua hadi utoke bandarini. Rwanda wakapeleka kahawa Ghana. Mizigo yenyewe ilikuwa midogo, nakubali. Faida yake ni kwamba kila mahali mzigo ulipokwama palionekana, na Sekretarieti ikapata cha kuweka mezani mbele ya mawaziri.

Angalia lakini: mpango huo haukulazimisha mtu. Nchi zilijiunga kwa hiari. Hiyo ndiyo namna Accra wanavyopata kitu: wanashawishi, hawaamuru.

Mstaafu Longroom

Vijana, nimekuwa nikisoma kimya. Kitengule amesema vizuri ila amepita haraka pale kwenye cheti, na mimi miaka yangu yote ya kazi ilikuwa pale. Ngoja nieleze.

Cheti cha uasili wa bidhaa ni karatasi inayosema kitu hiki kimezalishwa Afrika kwa vigezo vya mkataba. Ofisa wa bandari ya Tema, Ghana, akipokea cheti kutoka Tanzania, atajuaje kwamba muhuri ule ni wa kweli? Anafungua faili lenye sampuli za mihuri na saini za watu walioidhinishwa kutoa vyeti Tanzania. Kama sampuli haimo, au aliyesaini ni ofisa mpya ambaye saini yake haijatumwa, cheti kinakataliwa na unalipa ushuru kamili. Hapo ofisa hajafanya uonevu wowote. Afanyeje?

Sasa nani anazunguka nchi hamsini na kitu akikusanya sampuli hizo na kuzisambaza kwa wengine wote, tena kila mtu akistaafu au kuhamishwa? Ni Sekretarieti. Nchi inawasilisha kwao, wao wanazituma kwa wenzao. Hiyo kazi haina kamera wala bendera. Lakini ikifanywa vibaya, mkataba wote unabaki hotuba. Nimeshuhudia kwenye mikataba mingine mzigo ukilala bandarini kwa sababu ya saini ya ofisa aliyekwenda likizo na aliyekaimu hakuwa kwenye orodha.

Jambo jingine wafanyabiashara wadogo hawaambiwi: chini ya AfCFTA mzigo usiozidi thamani ya dola 5,000 hauhitaji cheti kile kikubwa, msafirishaji mwenyewe anaweza kuandika tamko la uasili. Kwa Afrika Mashariki tuna cheti kilichorahisishwa kwa mzigo wa hadi dola 2,000, kinatolewa palepale mpakani. Mama Dagaa, kwa mizigo ya Kenya na Uganda hicho kinakuhusu.

Mama Dagaa Kirumba

Mzee wangu shikamoo. Hicho cha dola 2,000 nakijua, nilifundishwa na wenzangu sokoni, si kwenye semina.

Mstaafu Longroom

Marahaba binti. Ndivyo ilivyo siku zote.

Kibandaumiza

Kwa hiyo kwa lugha nyepesi: tunalipa watu posho wakae Accra kwenye kiyoyozi wasambaze picha za mihuri? Na mkisema "maafikiano" maana yake hakuna kitakachoamuliwa. Wazee, hizi ni ajira za watoto wa wakubwa. Mpaka unafunguliwa na simu ya rais, basi. Futeni sekretarieti zote, wekeni marais kwenye grupu la WhatsApp.

Kabale Road

@Kibandaumiza unachekesha lakini hujakosea sana. Mimi niko upande wa Uganda, karibu na Katuna. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, upande wake wa Katuna, mwishoni mwa Februari 2019. Wote wawili ni wanachama wa EAC, wote wamesaini Soko la Pamoja, na Arusha kuna Sekretarieti yenye Katibu Mkuu na mawakili. Mpaka ukakaa umefungwa karibu miaka mitatu. Marais walisaini makubaliano Luanda Agosti 2019, wapatanishi wakiwa Angola na Kongo. Wala hata si Arusha. Ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022, siku chache baada ya Jenerali Muhoozi, mtoto wa Rais Museveni, kwenda Kigali kuonana na Kagame. Sisi wa mpakani tulijifunza nani ana ufunguo.

Kitengule

Mfano wa Gatuna ni mzito na siukwepi. Ule haukuwa mgogoro wa biashara, ulikuwa wa usalama na siasa, biashara ikaumia. Hakuna ofisi ya mkataba wa biashara duniani ingeufungua mpaka ule.

Lakini chukua mgogoro wa biashara tupu. Aprili 2025 hapa Tanzania waziri wa kilimo wakati huo, Hussein Bashe, alipiga marufuku mazao kutoka Afrika Kusini na Malawi. Malawi ilikuwa imezuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi yetu, na Afrika Kusini kwa miaka haikuwa ikipokea ndizi zetu. Wote watatu tuko SADC, eneo huru la biashara. Kwa mujibu wa karatasi, kulikuwa na njia ya kufuata: malalamiko, mashauriano, jopo la waamuzi. Nani aliifuata? Tulijibu marufuku kwa marufuku, simu zikapigwa, mazungumzo yakaanza, na ndani ya siku chache katazo letu likaondolewa. Kwa mtu mwenye lori la ndizi ile ilikuwa haraka kuliko jopo lolote.

Tatizo ni hili, Kibandaumiza. Njia ya simu inamfaa yule ambaye waziri wake ana kitu cha kuzuia. Sisi tulikuwa na soko na tulikuwa na njia ya kwenda bandari ya Dar ambayo Malawi wanaihitaji. Je, nchi ndogo isiyo na bandari ingemjibu vipi Afrika Kusini? Na wewe mwenye mzigo wa milioni kumi, nani atapiga simu kwa ajili yako? Mahindi ya Machi 2021, Kenya walipozuia yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu, mazungumzo yalifanyika kwa sababu mahindi ni siasa. Vitunguu vyako siyo siasa. Mtu wa vitunguu anahitaji utaratibu unaokwenda hata kama rais hajui kwamba yeye yupo.

Gikomba Moja

Hiyo ya mahindi usituanzishie hapa 😂

Wakili wa Mtaa wa Pili

Naomba kuchangia upande wa sheria, kwa sababu neno "kushtaki" linatumika ovyo humu.

Chini ya Itifaki ya Utatuzi wa Migogoro ya AfCFTA, anayeshtaki ni nchi mwanachama na anayeshtakiwa ni nchi mwanachama. Kampuni haina nafasi. Raia hana nafasi. Nchi ikianza inaomba mashauriano, yakishindikana linaundwa jopo, na juu yake kuna Chombo cha Rufaa cha watu saba. Kazi ya Sekretarieti hapo ni ya masjala: inapokea taarifa, inatunza orodha ya watu wanaofaa kukaa kwenye jopo, inalihudumia jopo. Haihukumu. Haifungui kesi kwa niaba yako hata kama ushahidi umejaa meza.

Linganisha na Arusha. Ibara ya 30 ya Mkataba wa EAC inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga sheria au kitendo cha nchi, ilimradi awahi ndani ya miezi miwili. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda walifanya hivyo. Uganda ilikuwa imeweka ushuru wa bidhaa mkubwa zaidi kwa sigara zinazotoka nje, zikiwemo za Kenya, kuliko zinazotengenezwa ndani. Mwaka 2019 Mahakama ikasema hilo linakiuka mkataba, sigara ya nchi mwanachama haiwezi kutozwa kama ya mgeni. Kampuni ilishinda serikali, bila kusubiri waziri wa Kenya akasirike.

Sasa kwa nini wakuu wa nchi walipokaa kuandika AfCFTA hawakutoa mlango huo? Someni habari za Mahakama ya SADC iliyokuwa Windhoek. Mkulima wa Zimbabwe, Mike Campbell, alifungua kesi 2007 kuhusu kunyang'anywa shamba, akashinda 2008. Zimbabwe ikakataa hukumu. Badala ya kuibana Zimbabwe, wakuu wa nchi waliisimamisha mahakama yenyewe mwaka 2010, na itifaki mpya ya 2014 ikawatoa raia nje kabisa, ikabaki ya nchi kwa nchi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2018 ilisema rais wao alikosea kushiriki katika hilo, na 2019 Mahakama Kuu ya Tanzania, kwa shauri la Chama cha Mawakili Tanganyika, nayo ikakosoa. Mahakama ile haijarudi.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na mleta mada anaposema "walipatia". Waliogopa. Hilo ni jambo tofauti.

Kitengule

Wakili, heshima kwako. Waliogopa, nakubali. Ila niambie: ungewawekea mlango wa raia kushtaki mwaka 2018, wangesaini 44 siku moja pale Kigali? Nigeria wenyewe waligoma kusaini hadi Julai 2019, na hapo hakuna mtu binafsi anayeweza kuwashtaki.

Wakili wa Mtaa wa Pili

Wasingesaini. Lakini mkataba usio na mwenye haki ya kuudai ni ahadi ya harusi. Na nchi za Afrika hazishtakiani kirahisi. Tunisia iliishtaki Morocco WTO mwaka 2018 kwa sababu ya ushuru kwenye madaftari ya shule, jopo likaipa Tunisia ushindi 2021. Watu wa biashara wanaikumbuka kesi hiyo kwa sababu Mwafrika kumshtaki Mwafrika kule ni nadra. Kama serikali haishtaki na raia haruhusiwi, Chombo cha Rufaa cha watu saba kitakaa kikinywa hiyo chai anayoiuliza Gikomba.

Bongo Brussels

Wakuu, nipo huku Ubelgiji, nichangie mawili. Watu wakisikia "makao makuu ya mkataba" wanafikiria Tume ya Ulaya. Tume ya Ulaya inaweza kuipeleka nchi mwanachama mahakamani yenyewe, bila nchi nyingine kulalamika, na mahakama inaweza kuitoza nchi hiyo faini. Inaweza pia kuipiga kampuni faini ya mabilioni. Accra hawana hata kimoja cha hayo. Mfano wa kweli wa Accra mtautafuta Jakarta, Sekretarieti ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki: inaratibu, inaandaa, inakumbusha, na maamuzi ni ya maafikiano. ASEAN wameishi hivyo miongo na biashara yao imekua. Kwa hiyo udhaifu wa makao siyo lazima uwe kifo cha soko.

Msemakweli2

Hapo kwa ASEAN umenena. Lakini wale wana viwanda, sisi tuna viongozi.

Cherehani Tatu

Mimi ni fundi, nina karakana ya kushona sare. Nimeulizia kupeleka mashati nje kwa mkataba huu, nikaambiwa "nguo bado". Bado nini? Shati nimelishona mimi Dar es Salaam, mafundi wangu Watanzania, halafu uasili wake unabishaniwa?

Mstaafu Longroom

Kijana, kitambaa umenunua wapi?

Cherehani Tatu

Kariakoo.

Mstaafu Longroom

Kilitoka wapi kabla ya Kariakoo?

Cherehani Tatu

China 😅

Mstaafu Longroom

Basi hapo ndipo ugomvi ulipo. Wapo wanaotaka kushona peke yake kutoshe, kwa sababu nchi zao hazina viwanda vya kufuma. Wapo wanaotaka kitambaa nacho kifumwe Afrika, kwa sababu wana viwanda au wanavitaka, na wanaogopa nguo za Asia kupenya kwa kubandikwa lebo. Kanuni za bidhaa nyingi zilikubalika mapema, nguo na magari vikabishaniwa miaka na miaka. Sekretarieti ilileta wataalamu, ikaleta mapendekezo ya katikati, ikaitisha vikao tena na tena. Kuamua haikuweza, si kazi yake. Hii ndiyo ile Ibara ya 14 aliyoisema Kitengule.

Na wewe pamba yako ya Shinyanga inaondoka ghafi. Huo nao ni uzi mwingine.

Kibandaumiza

Sawa wazee, mmenikamata kidogo. Niulize kwa heshima: je, fedha? Isije ikawa kama Arusha, Bunge la Afrika Mashariki linasitisha vikao kwa sababu nchi hazijalipa michango.

Kitengule

Hilo ndilo linalonitisha kuliko sheria. EAC kwa miaka mingi kila nchi ilichangia sawa, Kenya na Burundi kiwango kilekile, na waliochelewa walichelewa kweli. Accra wanakula kwenye bajeti ya Umoja wa Afrika, ambayo sehemu kubwa ya programu zake inategemea wafadhili wa nje. Wakuu wa nchi walikubaliana Kigali 2016 kutoza asilimia 0.2 ya bidhaa zinazoingia Afrika ili Umoja ujitegemee, na siyo wote waliotekeleza. Ukiwa karani na kazi zako zinalipiwa na wafadhili, ajenda ya kikao nani ataiandika? Mimi ningetaka Mene na atakayemfuata wabanwe kwa swali hilo kabla ya swali la mipaka.

Kitu kingine ambacho Accra wangeweza kufanya kesho bila ruhusa ya ziada: kuchapisha kila robo mwaka orodha ya nani hajatangaza jedwali lake la ushuru, nani hajawasilisha mihuri, malalamiko gani yamekaa bila majibu na katika nchi gani. Kutaja majina tu. Kwa asiye na rungu, daftari linalosomwa na wote ndilo rungu lake. Wakiogopa hata hilo, basi Wakili ameshinda hoja.

Wakili wa Mtaa wa Pili

Nimehifadhi sentensi hiyo kama ushahidi.

Binti Muheza

Habari za jioni. Mimi nafungasha pilipili manga na mdalasini kutoka Muheza. Nimepata mnunuzi Accra kwenyewe, anataka sampuli na kisha kama kilo mia tano. Naanzia wapi? Naona wote mnajua mapungufu, mwenye kujua njia anisaidie.

Kitengule

Binti, umekuja na mzigo mzuri. Kitu kilichooteshwa na kuvunwa hapa uasili wake hauna ubishi, tofauti na shati la Cherehani. Kwenye namba za HS, zile forodha wanazotumia kupanga bidhaa, pilipili manga iko kundi la 0904, mdalasini 0906. Anza kwa kuuliza ushuru wa Ghana kwa namba hizo chini ya AfCFTA ni kiasi gani mwaka huu. Sisi nchi maskini zaidi tuna miaka kumi ya kushusha ushuru wa asilimia 90 ya bidhaa, zisizo kwenye kundi hilo kwa kawaida mitano, na kuna orodha ya bidhaa nyeti na zilizotengwa. Sekretarieti ina kitabu cha ushuru cha mtandaoni, muombe na mnunuzi wako athibitishe na forodha ya kwao.

Cheti cha uasili nenda TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Kama thamani haizidi dola 5,000, uliza kuhusu tamko la msafirishaji alilolisema Mzee Longroom. Cheti cha afya ya mimea ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hiki hakuna mkataba unaokifuta, na Ghana wana mamlaka yao ya chakula na dawa, itapima unyevu na ukungu bila kujali umetoka eneo huru au la. Kausha vizuri.

Binti Muheza

Asante sana kaka. Sasa Accra, pale Sekretarieti, nawaandikia lini?

Kitengule

Ukiwa na karatasi zote, namba ya HS iko sawa, na bado mnunuzi ametozwa ushuru kamili Tema. Hapo unaingia tradebarriers.africa. Malalamiko yanakwenda kwa ofisa mhusika wa Tanzania na wa Ghana, Sekretarieti inafuatilia kama wamejibizana. Nakala peleka wizara ya biashara Dodoma. Usiandike "nimeonewa". Andika tarehe, kituo cha forodha, namba ya cheti, kiasi kilichotozwa na sababu aliyoitoa ofisa.

Mstaafu Longroom

Na ambatanisha risiti ya ushuru nzima, siyo picha ya WhatsApp iliyokatwa nusu. Nilizikataa nyingi hizo.